Magari ya Kitaliano: Utaalamu Uliomo Ndani ya Vyombo vya Barabara ya Rumonge

Anayesimama asubuhi kando ya barabara kuu ya Rumonge, ile RN3 itokayo Bujumbura kuelekea Nyanza-Lac, ataona Toyota Probox zilizojaa abiria, bajaji zilizobeba madumu ya mawese, na malori yaliyovuka mpaka wa Mugina yakiwa na mizigo ya Kigoma. Gari lenye nembo ya Fiat, Lancia au Alfa Romeo ni nadra kupita hapo. Hata hivyo, karibu kila chombo kinachopita kina kitu ndani yake kilichobuniwa kwanza na mafundi wa Italia. Makala haya yanaeleza kitu hicho ni nini, kilitoka wapi, na kwa nini msafirishaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika anufaike kukifahamu.

BARABARA NA MIZIGO YAKE

Rumonge iko kusini mwa Bujumbura, umbali wa kilomita 70 na ushei, kando ya ziwa. Ng'ambo yake ni Baraka, katika Kivu ya Kusini. Mji huu unajulikana kwa mawese, ndagala na mikeke, na kwa bandari yake ndogo. Ni mmoja wa miji ya Burundi ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya soko tangu zamani. Ulifanywa makao ya mkoa mwaka 2015, na kwa mgawanyo mpya wa mwaka 2025 ukawa sehemu ya mkoa wa Burunga.

RN3 ina sehemu nyingi ambako mlima uko upande mmoja na maji upande wa pili. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania. Maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka ya kuanzia 2020 yaliharibu makazi na sehemu za pwani. Kwa hiyo chombo cha hapa hupambana na mashimo, matope, milima na mzigo mzito. Hali kama hizo ndizo zilizowakabili Waitaliano katika nchi yao ya milima ya Alpi na Apenini, na ndizo zilizowafunza kutengeneza magari ya namna yao.

BAJAJI NI MJUKUU WA PIAGGIO

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Italia ilikuwa maskini na barabara zake zilikuwa zimevunjika. Kiwanda cha Piaggio, kilichokuwa kikitengeneza ndege, kilimpa mhandisi Corradino D'Ascanio kazi ya kubuni chombo rahisi cha usafiri. D'Ascanio alikuwa mtaalamu wa helikopta na hakupenda pikipiki za kawaida. Mwaka 1946 alitoa Vespa: mnyororo hakuna, injini imefunikwa ili isimchafue mwendeshaji, na bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito.

Miaka miwili baadaye, 1948, ikafuata Ape, jina lenye maana ya nyuki. Ilikuwa Vespa iliyoongezewa ekseli ya nyuma na sanduku la mizigo. Ape ya kwanza ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 125 na usukani wa pikipiki, ikibeba takriban kilo 200. Haikulengwa kwa matajiri. Ililengwa kwa muuza mboga, muuza samaki na fundi seremala ambaye hakuwa na fedha za kununua lori.

Kampuni ya Bajaj ya India ilipata leseni ya Piaggio na kuanza kutengeneza Vespa mwaka 1960, kisha vyombo vya magurudumu matatu. Leseni hiyo ilikwisha mwaka 1971, lakini Bajaj ikaendelea kwa jina lake mwenyewe, na jina hilo likageuka kuwa neno la Kiswahili. Bajaji inayobeba kreti za ndagala kutoka mwaloni hadi sokoni Rumonge ni mjukuu wa Ape kwa damu kabisa: gurudumu moja mbele, usukani wa mikono miwili, injini ndogo nyuma, na hesabu ileile ya kumwezesha mtu wa mtaji mdogo kubeba mzigo wake mwenyewe.

INJINI ILIYOLALA UPANDE

Gari dogo la leo, iwe Probox, Corolla ya karibuni au Vitz, lina injini iliyolazwa kwa upande chini ya boneti, na giaboksi imeunganishwa kwenye ncha ya injini hiyo. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Mpangilio huu huacha nafasi kubwa ya abiria na mizigo, na ndiyo sababu Probox inaweza kubeba watu na magunia kwa pamoja bila kuwa gari kubwa.

Mpangilio huo umeenezwa na Dante Giacosa, mhandisi mkuu wa Fiat. Waingereza walikuwa wametangulia kulaza injini kwa upande katika gari la Mini mwaka 1959, lakini giaboksi yao ilikaa chini ya injini na kutumia oili moja nayo. Giacosa aliipeleka giaboksi pembeni, akatumia shafti mbili zenye urefu tofauti kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Fiat haikutaka kuhatarisha jina lake, hivyo ikajaribu kwanza kwenye gari la kampuni ndogo, Autobianchi Primula, mwaka 1964. Liliposimama vizuri, ikatoa Fiat 128 mwaka 1969. Dunia nzima ikafuata njia hiyo. Fundi anayeshusha giaboksi ya Probox bila kuishusha injini anafaidi uamuzi uliofanywa Torino zaidi ya miaka 50 iliyopita.

MALORI YA FIAT AFRIKA MASHARIKI

Wazee wa barabara wanaikumbuka Fiat kwa malori zaidi kuliko kwa magari madogo. Fiat 682 ilianza kutengenezwa mwaka 1952 na iliendelea hadi 1988. Kabini yake ilikaa juu ya injini, na toleo la N3 lilikuwa na injini ya dizeli ya silinda sita, lita 11 na nusu. Haikuwa na kompyuta wala nyaya nyingi. Ilitengenezwa kwa chuma kinene na iliweza kufunguliwa na kufungwa porini kwa spana na jeki. Barani Afrika ilisifiwa kama mfalme wa barabara. Nchini Ethiopia, ambako kiwanda cha AMCE cha Addis Ababa kilianzishwa mwaka 1970 kwa ubia na Waitaliano, malori hayo yaliendelea kufanya kazi miongo mingi baada ya kununuliwa.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi. Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ubia wa serikali hizo mbili na kampuni ya Kitaliano ya Intersomer, ikitumia malori ya Fiat na matrela yake. Shaba ilishuka Dar es Salaam, mafuta na bidhaa zikapanda Zambia. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na ajali zilikuwa nyingi hata ikaitwa njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lililojengwa na Waitaliano lilipunguza mzigo wa mafuta mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970.

Mzigo wa Burundi unaotoka bandari ya Dar es Salaam hupita kipande cha mwanzo cha njia hiyo hadi Morogoro, kisha hugeuka kuelekea Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi Kabanga na Kobero. Biashara ya malori makubwa ya masafa marefu katika ukanda huu ilijifunza mengi kwenye miaka ile ya Fiat: matrela mawili, madereva wawili, spea ndani ya kabini, na karakana njiani.

Mwaka 1975 Fiat iliunganisha malori yake na OM, Lancia, Unic ya Ufaransa na Magirus-Deutz ya Ujerumani, ikazaliwa Iveco. Daily ilitoka mwaka 1978. Ni gari la mizigo midogo lililojengwa juu ya chesi ya chuma kama lori, wakati washindani wengi walitumia bodi tupu. Kwa anayezidisha mzigo kwenye barabara mbovu, tofauti hiyo ni kubwa: bodi hupasuka, chesi huchomelewa. Eurocargo (1991), EuroTech (1992) na Stralis (2002) kila moja ilishinda tuzo ya Lori la Mwaka la Kimataifa.

USUKANI WA KULIA

Burundi hupita kulia, Tanzania hupita kushoto. Magari mengi ya Burundi yanatoka Japani kupitia Dar es Salaam, hivyo usukani uko kulia katika nchi inayopita kulia. Jambo hili linaonekana la ajabu kwa mgeni, lakini Waitaliano walilifanya kwa makusudi. Italia hupita kulia, ila malori yake mazito yalikuwa na usukani wa kulia hadi miaka ya 1970. Sababu ilikuwa milima: dereva aliyekaa kulia huona ukingo wa barabara na kujua tairi lake limebakiza shubiri ngapi kabla ya korongo.

Kwenye RN3 hesabu ni hiyohiyo. Anayeshuka kutoka Bujumbura kwenda Rumonge hupita upande wa ziwa, na akiwa na usukani wa kulia huona ukingo wa maji vizuri. Hasara inakuja pale anapotaka kumpita mwenzake, kwa kuwa haoni mbele mpaka kichwa cha gari kiwe tayari kimetoka nje. Ni hapo utingo anapokuwa macho ya dereva. Pasipo na utingo anayeaminika, usalama ni kukaa nyuma, kuacha nafasi, na kungoja sehemu iliyonyooka.

KOMONI-REILI: FAHARI NA HATARI

Katika dizeli za zamani pampu ilisukuma mafuta kwenye kila nozeli kwa zamu yake. Wahandisi wa Fiat na taasisi zake za utafiti walifanya kazi ya kubadili utaratibu huo: pampu ijaze bomba moja nene kwa shinikizo kubwa wakati wote, na kompyuta ifungue kila nozeli kwa wakati wake. Mfumo huo ndio huitwa komoni-reili. Fiat ilikuwa na deni la fedha na haikuweza kuufikisha sokoni peke yake, hivyo mwaka 1994 iliuuzia Bosch ya Ujerumani. Wajapani wa Denso waliuweka kwenye lori la Hino mwaka 1995. Gari dogo la kwanza kuuzwa nao lilikuwa Alfa Romeo 156 mwaka 1997, kwa shinikizo lililofikia bar 1,350. Mwaka 2003 Fiat ikaongeza Multijet, inayogawa mafuta kwa matone mengi katika kila pigo la injini.

Leo karibu kila dizeli mpya ina mfumo huu: Hilux, Fuso, Howo, Scania na Iveco. Umepunguza moshi, kelele na ulaji wa mafuta. Lakini nozeli zake ni laini mno. Maji kidogo au vumbi la dumu huweza kuziua, na seti ya nozeli ni gharama inayoweza kula faida ya safari nyingi.

Hapa ndipo mwambao wa Burundi unapoguswa. Uhaba wa mafuta umeitesa nchi kwa vipindi virefu tangu mwaka 2022, na kituo kinapokauka msafirishaji hununua kwa dumu. Mafuta ya dumu yamepita mikono mingi na mara nyingine yamevuka ziwa ndani ya boti. Mwenye dizeli ya komoni-reili afuate mambo yafuatayo:

- Acha dumu litulie usiku kucha kabla ya kumimina, na usimimine sehemu ya chini kabisa. Maji na uchafu hukaa chini.
- Chuja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi au chujio lenye wavu mwembamba.
- Fungua kizibo cha maji chini ya chujio la dizeli kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini.
- Badilisha chujio mapema kuliko kitabu kinavyosema, na usinunue la bei ya kutupa. Chujio halisi ni rahisi kuliko nozeli moja.
- Usichanganye dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu.

Lipo na onyo la maisha. Mafundi wengi waliojifunza kwenye dizeli za zamani hulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inawaka, ili kujua silinda ipi haifanyi kazi au kutoa hewa. Kwenye komoni-reili kitendo hicho ni hatari kubwa. Mafuta yanayotoka kwa shinikizo la zaidi ya bar elfu moja hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumpotezea mtu mkono. Mwenye gari anayempelekea fundi chombo chake, iwe Rumonge au Buyenzi, amwambie kwanza injini ni ya aina gani.

UMBO LA GARI

Uongozi wa Italia haukuwa kwenye injini peke yake. Peugeot 404 ya mwaka 1960, gari lililobeba biashara ya Afrika ya Kati na Mashariki kwa miaka mingi, ilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Torino. Gari hilo la Kifaransa lenye umbo la Kitaliano lilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Giorgetto Giugiaro alichora Volkswagen Golf ya mwaka 1974 na Fiat Panda ya 1980, na mwaka 1999 alitunukiwa hadhi ya mbunifu wa magari wa karne.

Mwishowe Waitaliano walikuja wenyewe kuchukua kombe la Safari. Miki Biasion alishinda na Lancia Delta Integrale mwaka 1988 na tena 1989, na Juha Kankkunen wa Ufini akashinda na gari hilo mwaka 1991. Safari ya miaka hiyo ilikuwa maelfu ya kilomita za mawe, vumbi na mafuriko. Waliodai kwamba gari la Kitaliano ni la lami tu walikosa la kusema.

KWA NINI BASI HAYAONEKANI RUMONGE?

Sifa hazifichi kasoro. Katika miaka ya 1970 magari mengi ya Kitaliano yalishika kutu mapema, na Lancia Beta iliiharibia jina kampuni yake kwa sababu hiyo. Nyaya za umeme zilisumbua. Kubwa kuliko yote ni spea. Soko la magari yaliyotumika la Japani linaleta Toyota kwa wingi, na pale spea zilipo wingi ndipo fundi alipo. Mfanyabiashara akikwama Nyanza-Lac usiku na samaki ndani ya gari, hatauliza nani alibuni injini, atauliza spea iko wapi. Chombo kisichokuwa na spea ndani ya siku moja ni hasara ya mzigo mzima.

Kwa hiyo anayefikiria kununua Iveco iliyotumika, yenye bei nafuu kuliko wenzake, aangalie mambo manne. Kwanza, ajue ni nani njiani kati ya Dar es Salaam na Bujumbura anauza chujio, breki na klachi zake. Pili, apime injini kwa kompyuta kabla ya kulipa. Tatu, akague chesi kama ina nyufa au uchomeleaji wa zamani. Nne, ahakikishe upande wa usukani unalingana na njia atakazofanyia kazi zaidi. Akipata majibu mazuri kwa yote manne, atakuwa na lori imara. Akikosa la kwanza, bei nafuu itakuja kumgharimu.

HALI YA VIWANDA HIVYO

Fiat, iliyoanzishwa Torino tarehe 11 Julai 1899, ilikaribia kufilisika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sergio Marchionne aliyeshika uongozi mwaka 2004 aliifufua, na mwaka 2009 akaingia Chrysler ya Marekani. Alifariki mwaka 2018. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliungana na wenye Peugeot na kuwa Stellantis. Iveco ilisimama peke yake kama kundi mwaka 2022, na Julai 2025 Tata Motors ya India ilitangaza mpango wa kuinunua kwa Euro bilioni 3.8, bila kitengo cha magari ya kijeshi.

Habari hiyo inafunga mduara. Mwaka 1960 Wahindi walikuwa wanafunzi wa Waitaliano katika Vespa. Miaka 65 baadaye, walikuwa wakijiandaa kumiliki malori yao. Kwa mwambao wa Tanganyika, ambako malori ya Tata yanafahamika tangu zamani, la kutazamwa ni moja: kama mtandao wa spea wa Mhindi utaibeba na injini ya Mtaliano.

TAREHE ZA KUKUMBUKA

- 1899: Fiat yaanzishwa Torino.
- 1922: Lancia Lambda, gari la kwanza la kiwandani ambalo bodi yake yenyewe hubeba uzito.
- 1948: Piaggio Ape, babu wa bajaji.
- 1952: Lori la Fiat 682.
- 1964: Autobianchi Primula, injini ya upande ya Giacosa.
- 1966: Zambia-Tanzania Road Services na malori ya Fiat.
- 1975: Iveco yaundwa.
- 1988, 1989 na 1991: Lancia yashinda Safari Rally.
- 1997: Alfa Romeo 156, gari dogo la kwanza la komoni-reili.